Kawa ya Moto

Kuna neno la Kiingereza nimelifukunyua kwenye simu, nikafurahi mpaka nikaiangusha simu yenyewe. Kafyu. Hilo hilo mnalolijua. Mama yangu hulitumia kwangu: Jumamosi kafyu yako saa tatu, ukichelewa utalala kwa jirani. Binamu zangu wa Mombasa walilijua wakati wa korona, wakikimbilia nyumbani na mkate kwapani. Hata ndege za ule uwanja wa ng'ambo ya mto zina kafyu yao, usiku haziruki, ndo maana sie wa Woolwich tunapata usingizi. Na mahakama nayo ina kafyu yake, hiyo ntaifikia.

Sasa sikilizeni lilikotoka. Zamani sana watu wa Normandy, kule Ufaransa, walikuja wakaitawala England, wakaja na maneno yao. Hili lilikuwa maneno mawili: funika moto. Basi, hivyo tu! Jioni ikipigwa kengele kila mtu arudi kwake, afunike moto wa jikoni, alale. Nyumba zilikuwa za mbao na nyasi, cheche moja tu ikiruka mtaa mzima umekwenda. Walikuwa na kifuniko maalumu cha shaba au bati, kina mkono wa kushikia, na hicho kifuniko nacho kikaitwa kafyu. Kilifunika makaa usiku, asubuhi unafunua, makaa bado yako hai, unapuliza unapika uji. Miaka ikapita, watu wakausahau moto uliokuwemo ndani ya neno. Kukabaki kule kufungiwa tu.

Nilivyolisoma hilo sikukaa. Nilipanda lifti mpaka ghorofa ya tano kwa Bi Mwanabaraka, kwa sababu katika watu wote ninaowajua London ni yeye peke yake anayefunika moto kila siku ya Mungu.

Bi Mwanabaraka ni Mpemba wa upande wa Wete. Mfupi, mnene kidogo, ana kicheko kinachofika mlangoni kabla yeye hajafika. Kazi yake ya mshahara ni kutunza wazee majumbani kwao: anawaogesha, anawapa dawa, anawasikiliza hadithi zao zilezile. Kazi yake ya moyoni ni udi. Anachemsha sukari kwenye sufuria mpaka inakuwa nyekundu, anatia vipande vya udi, ambari, miski, na mafuta fulani ambayo hayataji jina hata umfinye. Anamimina kwenye trei, ikiganda anavunjavunja. Ukienda harusi ya Wazanzibari London hii, Woolwich mpaka Thornton Heath, ukamsikia bibi harusi ananukia mpaka unataka kuolewa wewe, jua ni trei ile.

Na makaa. Yale ya duara ya shisha hayataki kabisa, anasema yananuka fataki. Anatumia makaa ya miti, anayawasha juu ya jiko la gesi, anayatia kwenye chetezo. Akishamaliza kufukiza hayazimi. Kuzima makaa mazima kwake ni israfu. Anayafukia kwa jivu, taratibu, kama anamfunika mtoto shuka, na akitaka kufukiza tena anapekua jivu na yale makaa yanamtazama, mekundu vilevile. Wewe ukikitazama chetezo kile utaona jivu tu, limepoa, limekufa. Usitie kidole.

Basi nikafika mlangoni napiga kelele, "Bi Mwanabaraka! Unajua Waingereza zamani nao walikuwa wakifukia moto?"

"Ingia kwanza, mwanangu, unanitolea harufu nje. Wakifukia nini?"

Nikamwonesha picha ya kile kifuniko. Akaivuta simu karibu na pua, miwani yake iko kichwani na yeye anaitafuta mezani.

"Si kawa hii!"

"Kawa ya chakula?"

"Kawa ya moto. Ebo! Kumbe jikoni tulikuwa wamoja na Wazungu, tumekosana sebuleni tu." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Na hiyo kawa yao inaitwaje?"

"Kafyu."

Kicheko kikakatika. Yaani kama mtu kachomoa waya.

"Neno hilo kwetu halikuja na kengele," akasema. Akachukua kijiti, akaanza kusawazisha jivu kwenye chetezo ambalo lilikuwa limeshasawazika. "Mwaka tulotoka nyumbani, watu wa kijijini kwetu waliambiwa jioni wasitoke. Kaka yangu Matar akakumbuka mbuzi kamfunga nje. Nikamwambia, Matar, mwache. Akasema dakika moja tu."

"Ikawaje?"

"Mbuzi alirudi."

Nikangoja. Akaendelea na jivu lake. Na hapo, nyuma ya mlango wa chumba cha ndani, ambao siku hizi ulikuwa haufunguliwi, mtu akakohoa.

"Nani yule?"

"Redio."

"Redio inakohoa?"

"Redio ya Bwana Mahendra, jirani. Kuta za nyumba hizi karatasi." Akapandisha sauti ya televisheni bila kunitazama. "Saa ngapi?"

"Inakaribia saa moja."

"Nenda kwenu, mwanangu. Nna kazi."

Alinitoa kama anafukuza kuku, mikono yote miwili. Nikausikia ufunguo ukizunguka, ukazunguka tena, halafu komeo. Nikaenda kwenye lifti, milango ikafunguka, na ndani alikuwemo Bwana Mahendra mwenyewe na chupa yake ya maziwa, anatoka dukani.

"Wewe msichana, leo anapika udi gani huyo mama?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Mombasa, alikozaliwa. "Mashati yangu yote yananuka harusi, na mimi mjane. Mwanangu Tushar akinipeleka hekaluni Neasden, akina bibi wote wanageuka."

Nilicheka, halafu nikageuka kuutazama mlango wa Bi Mwanabaraka. Nyumba ya Bwana Mahendra ilikuwa tupu. Redio gani hiyo?

Haya, nisiwazungushe. Aliyekohoa alikuwa Harith.

Harith ni mwanawe wa pekee, miaka ishirini na mbili, kazaliwa hapahapa Woolwich. Na sie sote, msikitini, sokoni, maharusini, tulikuwa tunajua Harith yuko Leicester anasomea uinjinia. Alituambia mamake. Na kila ukimuuliza anakuongezea kidogo: Leicester baridi yake si hii yetu, Harith kakonda, Harith mtihani umempa homa, Harith kala sambusa nilompelekea akalia. Wallahi ungeiona hiyo Leicester mbele yako.

Harith hakuwahi kufika huko. Aliingia kwenye ugomvi nje ya duka la kuku, akamsukuma kijana mmoja, yule kijana akaanguka vibaya, akavunjika taya. Jaji akamhukumu kifungo, lakini akakiahirisha, na juu yake akaweka kafyu. Kuanzia saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi Harith awe ndani ya nyumba. Mguuni alifungwa tegi, lile dude la plastiki nyeusi, ambalo Bi Mwanabaraka alilipa jina: kikuku cha serikali. Chumbani pakawekwa kisanduku chenye taa ya kijani. Akitoka nje ya mlango saa hizo, kisanduku kinajua, na kampuni inayokiangalia inapiga simu. Jaji alimwambia kwa Kiingereza cha upole, kama anampa maelekezo ya kituo cha treni: ukivunja kafyu hii, kile kifungo nilichokiweka kando nitakitoa, na utakwenda ndani.

Kwa hiyo Bi Mwanabaraka hakuwa na ombi jingine duniani. Harith amalize kafyu yake, asiende ndani. Kilikuwa kimebaki kiangazi kimoja tu. Na kwa kuwa kwetu mambo ya nyumba husitiriwa, na udi anauzia mama za maharusi, na siku moja atataka kwenda kumposea huyo huyo Harith kwa mmoja wao, akaamua kumfunika mwanawe mzima mzima. Asubuhi Harith alitoka kapandisha kofia mpaka kwenye nyusi, anapanda treni kwenda kufanya kazi kwenye ghala moja Neasden, ambako hamna Mpemba wa kumtambua. Jioni alirudi kwa ngazi za nyuma. Saa moja haijafika, komeo limeshaingia. Alikuwa akikohoa na mto mdomoni, ati. Siku ile niliyomsikia mto ulikuwa uko kwenye mashine ya kufulia.

Tukifika siku yenyewe, ilikuwa Juni. Mnaijua Juni ya huku, saa moja jioni jua liko juu kama saa tisa, watoto wanacheza mpira chini, na Harith kajifungia ndani anawasikiliza. Mchana alikuja mama mmoja wa Thornton Heath, Bi Siham, anaoza binti, anataka kunusa udi kabla hajaagiza. Bi Mwanabaraka akawasha makaa, akafukiza, yule mama akafumba macho akasema hebu nipe trei mbili. Walipoagana Bi Mwanabaraka akayafukia makaa kama kawaida, ili afukize tena magharibi.

Mara simu ikalia. Mwenzake wa kazini anaumwa, kuna bibi mmoja upande wa Plumstead hana mtu wa kumpa chakula, aende sasa hivi. Akavaa sare yake ya zambarau, baibui juu, akakiacha chetezo juu ya kigae jikoni, akakimbilia basi.

Harith akarudi akakuta nyumba ina kila kitu juu ya kila kitu. Sufuria inanata sukari, makaratasi ya kufungia, chetezo kimejaa jivu. Akaamua kumfurahisha mamake. Na hapa ndo mnielewe: Harith udi anaujua kwa pua. Hajawahi kuwasha makaa maisha yake yote. Aliligusa lile jivu juu, akaona baridi, akasema hili limekufa. Akaligeuza lote kwenye mfuko wa taka, pamoja na makaratasi.

Taka za jengo letu hutupwa kwenye korido. Kuna kimlango ukutani, unakivuta, unatia mfuko, unateleza ndani ya bomba mpaka kwenye mapipa ya chini kabisa. Siku nyingine angeuacha mfuko mpaka asubuhi, mamake angeuona, angepiga ukelele. Lakini Harith alitazama saa ikawa imebaki kidogo ifike saa moja, na baada ya saa moja hata ile korido kwake ilikuwa nchi ya kigeni, hakuwahi kujaribu kama kisanduku kinaihesabu nje au ndani. Akakimbia, akautia mfuko, akarudi, akafunga komeo. Taa ya kisanduku ilikuwa kijani. Akakaa kwenye kochi, anajiona kijana mwema.

Chini mapipa yalikuwa yamejaa maboksi, na mtu alikuwa kaingiza godoro.

Moshi haukuja kwa ngazi kama mnavyodhani. Ulipanda ndani ya bomba, kimya kimya, na kwenye kila korido ukatokea kwenye kile kimlango, kwenye kila ghorofa, kama mtu anayepita kuamkia nyumba zote. Sie wa ghorofa ya pili tulisikia harufu ya plastiki kwanza. Halafu mtu anapiga milango. Ngazini kuna kibao kinasema moto usipokuwa nyumbani kwako, kaa ndani usubiri. Tangu ule moto mkubwa wa magharibi ya London, uliowaua watu walioambiwa wasubiri ndani, nani bado anakiamini? Mama yangu alinishika shingo ya fulana, tukashuka na watu wote, wengine na paka, mmoja na sufuria ya wali imefunikwa. Jua linawaka, na madirisha ya ngazi yameshakuwa meusi.

Na Harith, juu, akampigia simu mamake. Mazungumzo yao nimeyapata kwa wote wawili, na yanalingana. Harith alisema Kiingereza, mie nawapa kwa Kiswahili.

"Mama, kuna moshi kwenye korido."

"Moshi wa nini?"

"Sijui. Watu wanakimbia. Nitoke?"

"Saa ngapi saa hizi?"

"Inakwenda saa mbili."

"Usitoke."

"Mama..."

"Harith! Usiufungue huo mlango. Tia taulo chini. Mie nakuja."

"Basi nipige simu ya zimamoto?"

"Wakija watakutoa. Ukitoka, kisanduku kitasema. Kaa ndani, mwanangu. Kaa."

Baadae aliniambia kuwa wakati ule hakumwona Harith kichwani mwake hata kidogo. Alimwona Matar, anavaa kandambili, anasema dakika moja tu.

Yule bibi wa Plumstead anaitwa Daisy, ana miaka tisini na kitu, yuko kitandani na mdomo wazi anangoja kijiko cha supu ambacho kimesimama hewani. Kiswahili hajui hata salamu, lakini alikuwa anauona uso nyuma ya kijiko.

"Ni mtoto wako?" akauliza.

"Kuna moto nyumbani kwetu. Siwezi kukuacha peke yako, ntafukuzwa kazi."

"Mimi siungui," Daisy akasema. "Unafanya nini hapa?"

Bi Mwanabaraka aliondoka na kijiko mkononi. Alikuja kukiona ndani ya basi.

Chini kwetu askari wa zimamoto walikuwa wameshafika, mmoja anauliza kila ghorofa nani hajashuka. Ghorofa ya saba kuna mama na kichanga, akaelezwa. Ghorofa ya tatu mzee wa kiti cha magurudumu. Ghorofa ya tano akajibu Bwana Mahendra, kasimama na ndara na shati linalonuka harusi, kwa sababu ndiye aliyekaa pale miaka mingi kuliko wote.

"Ya tano, mimi hapa. Wale wa mwisho wako likizo Ureno. Na huyu mama wa mlango wa pili yuko kazini, mwanawe anasoma Leicester. Hakuna mtu."

"Una uhakika?"

"Leicester, Leicester," watu wakaitikia. Mama yangu naye akaafiki kwa kichwa. Tulisema kwa moyo mmoja kabisa, kama dua, hata mie niliyekisikia kile kikohozi nikakisahau.

Askari wakapanda kwenda ya tatu na ya saba.

Kwenye basi simu ikaita tena.

"Mama, taulo limekuwa jeusi."

Sauti yake ilikuwa imebanwa, kama anaongea ndani ya gunia. Na hapo ndipo Matar alipomtoka Bi Mwanabaraka machoni, akamwona mwanawe.

"Toka! Harith, toka sasa hivi, wacha kisanduku kiseme!"

"Siwezi tena. Nimefungua, sioni hata ukuta wa mbele. Nimefunga. Niko chini dirishani."

"Dirisha fungua, wapungie!"

"Niliwapungia. Moshi uko nje pia, unapita mbele yangu." Akakohoa, akakohoa. "Mama, hawatazami huku. Kwa nini hawatazami huku?"

Yeye alijua kwa nini. Alikuwa amefanya kazi miezi mingi ili mtu yeyote asilitazame dirisha lile.

Basi lilizuiliwa barabara kuu. Akashuka akakimbia, na Bi Mwanabaraka si mtu wa kukimbia, magoti yake ya kupanda ngazi za wazee. Tulimwona anatokea kwenye kona, baibui limefunguka, sare ya zambarau, kijiko mkononi. Wanawake wakamwendea kwa mikono miwili.

"Pole, Bi Mwanabaraka! Mshukuru Mungu, nyumba tu, vitu vinanunuliwa."

"Na Harith yuko mbali, alhamdulillahi."

Alisimama. Akatutazama, yaani alitupitia uso kwa uso: Mama yangu, mke wa imamu, yule dada wa duka la nyama, wateja wake watupu. Nikadhani anataka kuzimia. Kumbe anatuaga.

"Harith yumo ndani," akasema.

"Ndani ya nini?" Mama akamuuliza.

"Ndani ya nyumba! Hajaenda Leicester. Hajapata kwenda Leicester. Ana tegi ya mahakama mguuni, ana kafyu, na mie ndo nilomwambia asitoke!" Akamgeukia askari, akamshika koti, akapiga ukelele kwa Kiingereza mpaka mtaa wa pili ukasikia: ghorofa ya tano, mwanangu, dirisha la kushoto, kafungiwa na mahakama, yuko chini sakafuni.

Yule askari hakuuliza swali la pili. Aliongea kwenye redio ya begani na wengine wawili wakavaa vinyago wakaingia.

Kungoja kule sitaki kukumbuka na nakukumbuka kila siku. Bi Mwanabaraka alikuwa kabana simu sikioni. "Harith, wanakuja. Harith, baba, sema neno lolote. Kohoa basi. Kohoa nikusikie." Kelele yote ile, na sote tukawa kimya tunasikiliza kama simu itakohoa. Haikukohoa.

Walimtoa, mmoja kambeba begani. Uso mweusi, kinyago cha hewa, kaptula, na mguu unaning'inia na kile kikuku cha serikali mbele ya kadamnasi yote ya Wazanzibari wa Woolwich. Nyuma yangu mtu akaanza kunong'ona, akanyamazishwa. Harith alipumua, akatapika, akapumua tena. Mama yake akamfuta mdomo kwa mtandio.

Bwana Mahendra akaja polepole.

"Bi Baraka, mimi ndiye nilimwambia hakuna mtu. Kwa mdomo wangu huu."

"Mie ndiye nilokwambia wewe."

"Kila wiki nakuuliza, mtoto anaendeleaje Leicester."

"Na mie nakujibu."

"Tushar wangu alikwenda huko Diwali, akataka kumtafuta ampe peremende. Ukasema kahama chumba."

"Nilisema kahama, Bwana Mahendra. Nikaongeza na mtaa."

Nilidhani Bwana Mahendra atamgombeza, na angekuwa na haki. Akavua sweta lake akamfunika nalo Harith miguu, likafunika na tegi. Bi Mwanabaraka akalitoa pale, akalipandisha kifuani. Mguu ukabaki wazi.

Na simu ikalia. Kampuni ya tegi. Kisanduku kilikuwa kimeshasema, hata moto haukukifunga mdomo. Mwanamke mmoja akauliza kwa adabu kama Harith yuko kwenye anwani yake.

"Hayupo," Bi Mwanabaraka akajibu, kwa sauti ile ya kuuzia samaki. "Anwani inaungua. Yuko hapa na mie, chini, kwenye majani. Na hatarudi ndani. Andika!"

Akaambiwa asubiri kwenye laini. Ukaja muziki. Tukausikiliza sote, muziki wa piano, mpaka gari la wagonjwa likaondoka na wao na simu bado inapiga piano.

Jaji alikubali, nawaambia mapema msiumie. Alisema kukimbia moto si kuvunja kafyu. Lakini la jivu halijaisha. Harith alilisema mwenyewe hospitali, kwa mpelelezi wa zimamoto, kabla hajaulizwa. Mamake alikuwa kakaa pembeni ya kitanda, ndo anasikia.

"Lilikuwa limekufa, Mama. Nililigusa."

"Uliligusa wapi?"

"Juu."

"Juu," akasema Bi Mwanabaraka. Akainama akashika kichwa. "Hukuwahi kuniuliza, na mie sikuwahi kukwambia. Miaka ishirini na mbili unaniona nalipapasa jivu, ulidhani nafanya nini?"

"Nilidhani unacheza," Harith akasema, na wallahi hakuwa anatania.

Mpelelezi ameandika ajali. Lakini wenye jengo wanasema uchunguzi wao bado, na hawajaahidi kuwa watawarudisha. Bi Siham wa Thornton Heath hakuja kuchukua trei zake. Daisy ndiye kapiga simu ofisini kwao akasema anamtaka mama wa supu, hataki mwengine, kwa hiyo kazi ipo. Wao wamewekwa kwenye hoteli moja ya kando ya barabara kubwa, chumba kimoja vitanda viwili, dirisha linafunguka upana wa kiganja tu. Kisanduku kipya kiko juu ya friji ndogo, taa ya kijani. Kafyu ya Harith inaendelea, saa moja mpaka saa moja.

Nilikwenda kuwaona juzi na Mama. Harith bado anakohoa, sasa hana haja ya mto. Ilipokaribia saa moja Bi Mwanabaraka akavaa viatu, akashuka mapokezi. Nikamfuata. Akamkabili yule kijana wa kaunta.

"Chumba changu kuna mtu. Mwanangu. Ana kafyu ya mahakama, hatoki mpaka asubuhi. Kengele ikilia, yumo ndani. Umenisikia? Yumo."

"Uliniambia jana, mama," yule kijana akajibu kwa Kiingereza.

"Na leo nakwambia."

Akamwambia Solomon, mlinzi wa mlangoni. Akamwambia dada anayesukuma toroli la mataulo, ambaye alikuwa anatoka kazini kabisa na koti keshavaa. Tuliporudi juu Harith alikuwa kajifunika uso kwa mikono.

"Mama, sasa mpaka mtu wa taulo anajua."

"Na ajue."

"Wananitazama kwenye lifti."

"Na wakutazame. Ndo nnachotaka, wakutazame."

Mama yangu akajitia kutafuta kitu mkobani. Nje malori yalikuwa yanapita, kioo kinatikisika kidogo kila likipita moja. Bi Mwanabaraka akakaa kitandani, akainua kichwa, akasikiliza. Chini, kwenye kaunta, kulikuwa na sauti ya mtu anacheka, sauti ngeni.

"Wamebadilishana zamu," akasema. "Huyu bado hajui."

Akavaa viatu tena.